Jino, makaa na upir: kumbukumbu ya njia kutoka Sofia hadi Kashubia

Kabla ya kuondoka

Njia hii inafuata neno moja. Warusi humwita mfu anayetoka kaburini upyr, Wacheki na Waslovakia upír, Wapoland upiór, Waserbia vampir. Yote ni matawi ya neno moja la kale ambalo halikuwahi kuandikwa. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha matawi yake, wakapata ǫpirĭ au ǫpyrĭ. Hiyo ǫ yenye mkia ni irabu iliyopitia puani, nayo ndiyo inayobeba safari nzima, kwa kuwa kila lugha ya Kislavi iliigeuza kwa kanuni yake na kanuni hizo zinajulikana.

Vifaa ni daftari lenye safu nne. Safu ya kwanza ni jino, kwa Kislavi cha kale zǫbŭ, ambalo lina irabu hiyo katikati. Safu ya pili ni makaa, ǫglĭ, ambayo inaanza na irabu hiyo kama linavyoanza neno letu. Lugha nyingi za Kislavi hazikupenda neno lianze na irabu ya puani, zikaweka v, w au j mbele yake, na bila safu ya makaa hutajua kama v ya vampir ni ya kawaida au ni ya ajabu. Safu ya tatu ni jina la mfu anayerudi. Ya nne ni majina mengine ya viumbe wa jamii hiyo, yasiyo na undugu na neno letu: vukodlak, štrigon, tenac, strzygoń.

Kosa linaloharibu daftari kuliko yote ni kuuliza kwa kulitaja neno. Ukimwuliza mzee wa kijijini kama anamjua vampir, atajibu vampir, kwa sababu neno hilo limemrudia kupitia vitabu na filamu za Magharibi. Eleza kitu chenyewe: mtu aliyezikwa akarudi usiku kwa watu wake, wazee walimwitaje? Kisha nyamaza, usimsaidie.

Siku ya kwanza: Sofia

Jino ni zăb. Makaa ni văglen. Alama ya ă inasimamia irabu fupi ya katikati ya mdomo, ambayo Wabulgaria wana herufi yake katika Kikirili. Kwa vipimo hivyo, neno letu lapaswa kuwa văpir, na lahaja za Bulgaria zinalo hasa: văpir, vapir, vepir. Vampir ya vitabuni ipo pia, lakini haifuati kanuni. Hilo liandikwe kwa wino mwekundu.

Imani ya hapa ina hatua. Mfu akirukwa na paka kabla ya kuzikwa yuko hatarini, ndiyo maana maiti hulindwa usiku kucha na wanyama hufungiwa nje. Katika siku 40 za kwanza vampir hana mifupa. Ni mfuko wa ngozi uliojaa damu, na akichomwa kwa mwiba damu humwagika akaisha. Siku 40 zikipita hupata mifupa na umbo la mtu, na hapo hutafutwa vampirdzhia, fundi wa kumwona na kumwua. Kiambishi -dzhia ni cha Kituruki, kama katika majina mengine mengi ya mafundi nchini humu. Jina plătenik, kutoka plăt, yaani nyama ya mwili, liende safu ya nne.

Mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua Sozopol, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, wakakuta mifupa ya watu waliotobolewa kifua kwa chuma, ya miaka takriban 700 iliyopita. Magazeti yalijaza kurasa kwa neno vampir. Kaburi halisemi neno. Chuma kinathibitisha kwamba watu waliogopa mfu asiinuke, hakithibitishi walimwitaje. Tofauti hii inahitajika tena huko Poland.

Siku ya pili: Skopje

Kituo kifupi, lakini kisirukwe. Jino ni zab, makaa ni jaglen, kwa hiyo irabu ya puani imekuwa a. Neno letu lina sura mbili, vapir na vampir. Ya kwanza ni ya kanuni.

M ya vampir inatoka wapi? Kusini zaidi, katika vijiji vya Kostur (Kastoria ya Ugiriki ya leo) na vichache upande wa Korçë nchini Albania, lahaja za Kislavi hazikuupoteza mlio wa puani. Ziliugeuza kuwa konsonanti, na huko jino husikika zamb au zămb. Neno letu likipita katika vinywa hivyo, vampir hutokea lenyewe bila kulazimishwa. Kati ya maelezo yote ya vampir ya Kiserbia, hili la kwamba ilipanda kutoka kusini ndilo tunaloliona zito kuliko mengine, ingawa wapo wanaopendelea kuipitisha kwa Wagiriki.

Siku ya tatu: Niš, Trstenik, Medveđa

Kutoka Skopje barabara kuu inapanda kaskazini, inavuka mpaka kwenda Serbia na kufika Niš. Kisha ni Kruševac na Trstenik. Angalia ramani vizuri, kwani Serbia ina Medveđa zaidi ya moja, na iliyo kubwa, ile ya kusini karibu na Leskovac, siyo. Unayoitaka iko katika wilaya ya Trstenik, bonde la Morava ya Magharibi. Katika hati za Kijerumani jina lake huandikwa kwa namna mbalimbali, Medvegia na Medwegya zikiwamo.

Kati ya 1718 na 1739 kaskazini ya Serbia ilikuwa chini ya Austria, na walinzi wa mpaka waliitwa hajduk. Mmoja wao, ambaye Wajerumani walimwandika Arnold Paole, alisimulia kwamba aliwahi kusumbuliwa na vampir upande uliokuwa chini ya Waturuki, akajitibu kwa kula udongo wa kaburi la vampir huyo na kujipaka damu yake. Baadaye alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa nyasi kavu akavunjika shingo. Baada ya siku kama 20 au 30 watu wakalalamika kwamba anawajia, na wanne wakafa. Siku ya 40 akafukuliwa, akatobolewa kwa kigingi, akachomwa.

Miaka kadhaa baadaye vifo vilianza tena: watu 17 katika miezi mitatu. Jeshi likamtuma kwanza Glaser, tabibu wa magonjwa ya kuambukiza, Desemba 1731, kisha Johannes Flückinger, tabibu mpasuaji wa kikosi. Flückinger alifungua makaburi tarehe 7 Januari 1732, na ripoti yake ikasainiwa Belgrade tarehe 26 mwezi huohuo. Kichwa chake ni cha Kilatini, Visum et Repertum, yaani yaliyoonwa na kugunduliwa.

Ripoti hii isomwe polepole. Kila kaburi lina namba, jina, umri, siku za ugonjwa na muda wa kukaa ardhini. Stana, umri wa miaka 20, alikufa kwa uzazi baada ya kuugua siku tatu. Miliza, miaka 60, alikuwa amekula nyama ya kondoo waliosemekana kuuawa na vampir. Stanoicka, miaka 20, aliamka usiku akipiga kelele kwamba kijana aliyekufa wiki tisa kabla amemkaba. Waliooza walirudishwa makaburini mwao. Wale walioonekana wazima walikatwa vichwa, wakachomwa, na majivu yakatupwa mtoni Morava.

Kwa nini walionekana wazima? Ni Januari, udongo una baridi kali, na baridi huchelewesha kuoza. Gesi ya tumboni huvimbisha mwili, aliyekufa mwembamba akaonekana amenenepa. Miliza alikuwa hivyo, na waliomjua walishangaa. Gesi hiyohiyo husukuma majimaji mekundu kutoka mapafuni hadi mdomoni na puani, nayo huonekana kama damu mbichi. Ngozi ya juu hubanduka pamoja na kucha, na chini yake hutokea ngozi inayong'aa, ndiyo “kucha mpya” za ripoti. Kigingi kikiingia kifuani, hewa hutoka kwa kishindo kupitia koo, na waliosimama pale wanasikia mlio wa mtu. Tabibu aliandika alichokiona kwa uaminifu. Kilichokosekana ni kaburi la kulinganisha: mtu aliyekufa majira hayohayo, akazikwa udongo uleule, asiyetuhumiwa na yeyote.

Kwa daftari letu, uzito uko katika neno. Ripoti inaandika Vampyr kama neno la wenyeji. Basi mwaka 1732 bonde la Morava lilikuwa tayari na vampir yenye v na m.

Siku ya nne: Belgrade

Jino ni zub, makaa ni ugalj. Kanuni ya Kiserbia haina shaka: ǫ huwa u, mwanzoni na katikati, bila kuongezwa v. Neno letu lingekuwa upir, na upir ipo kweli, pamoja na upirina, katika rekodi za zamani na katika lahaja. Kwa hiyo neno ambalo Serbia iliupa ulimwengu wote, kwa Kiserbia chenyewe ni mgeni. Sikio la wenyeji lililihisi hilo, likalichezea hadi likapata pia lampir na lapir.

Nenda Makumbusho ya Vuk na Dositej, mtaa wa Gospodar Jevremova. Vuk Karadžić alichapa kamusi yake ya Kiserbia Vienna mwaka 1818, na maelezo marefu ya mfu anayerudi hakuyaweka chini ya vampir. Aliyaweka chini ya vukodlak. Anasema ni mtu ambaye siku 40 baada ya kufa roho ya kishetani humwingia ikamhuisha, na kitendo hicho anakiita povampiriti se, kugeuka vampir. Maneno mawili, kiumbe kimoja. Tiba yake ni kigingi cha glog, kichaka cha miiba chenye maua meupe kinachoota kando ya mashamba.

Vukodlak maana yake ni mwenye manyoya ya mbwa mwitu, na ni la zamani kuliko vampir katika maandishi ya Kiserbia. Kitabu cha sheria za kanisa kilichonakiliwa Ilovica, pwani ya Montenegro ya leo, mwaka 1262, kinakemea wanakijiji wanaosema kwamba vukodlak wamekula mwezi au jua wakati wa kupatwa. Wagiriki walilichukua neno hilo likawa vrykolakas. Sheria za Mfalme Dušan za katikati ya karne ya 14, kifungu cha 20, zinakataza kufukua maiti na kuzichoma kwa uchawi: kijiji kinacholipa ni kijiji kizima, na padri aliyehudhuria anavuliwa upadri. Kifungu hakitaji jina la kiumbe, ila desturi aliyoiona tabibu wa 1732 ilikuwa tayari inapigwa marufuku karne nne nyuma.

Siku ya tano: Kisiljevo

Basi la Veliko Gradište hupita Požarevac, mji uliotiwa saini mkataba wa 1718 ulioipa Austria eneo hili. Kisiljevo iko kando ya Srebrno jezero, mkono wa Danube uliozibwa ukawa ziwa. Hati ya Kijerumani inaandika Kisilova, na wilaya inaitwa Gradisk. Wapo waliosoma Gradisk wakaenda kuitafuta Gradiška ya Bosnia. Ni Veliko Gradište.

Mwaka 1725 Petar Blagojević, ambaye Wajerumani waliandika Plogojowitz, alikuwa amezikwa kwa wiki kumi. Ndani ya siku nane wakafa watu tisa, kila mmoja kwa ugonjwa wa saa 24, wakisema amewalalia na kuwakaba. Mke wake alisema alimjia kudai opanci zake, viatu vya ngozi vya wakulima, kisha mama huyo akahama kijiji. Wanakijiji wakamwambia afisa wa Austria, Frombald, kwamba akikataa wasifukue, wao wote watahama. Frombald alitaka kusubiri amri ya Belgrade, hawakumpa nafasi. Akaenda na padri, akaona, akaandika. Maiti ikatobolewa na kuchomwa hadi majivu.

Taarifa yake ilichapwa katika gazeti la Wienerisches Diarium tarehe 21 Julai 1725. Humo neno ni vampyri, lenye mwisho wa wingi wa Kilatini. Hakuna rekodi ya kabla ya hii iliyolifikisha neno la Serbia kwa wasomaji wengi wa Kijerumani.

Zingatia jambo moja katika ripoti zote mbili: mfu anakaba. Damu ipo, midomoni mwake inaonekana, na ripoti zinasema hata kwamba huinyonya, lakini malalamiko ya wagonjwa wenyewe ni kukabwa. Meno marefu na shingo ni mambo ya fasihi ya baadaye.

Siku ya sita: barabarani, Zagreb

Siku ya kusafiri. Kitabu cha Ilovica kimehifadhiwa Zagreb, katika Chuo cha Taaluma cha Kroatia. Anayekuja kwa ajili ya hati yenyewe aandike barua mapema, na aeleze ukurasa anaoutaka na sababu.

Siku ya saba: Kringa, Istria

Fika Pazin, kisha Tinjan, kisha Kringa. Jure Grando wa kijiji hiki alikufa 1656, na kwa miaka 16 ikasemwa kwamba anatembea usiku akigonga milango. Nyumba iliyogongwa ilipata msiba. Mwaka 1672 watu tisa walikwenda kaburini na msalaba na taa. Kigingi cha glog kilidunda, hakikuingia. Wakamkata kichwa. Habari hii aliichapa Johann Weikhard von Valvasor mwaka 1689 katika kitabu chake kikubwa juu ya nchi ya Krain, iliyo katika Slovenia ya leo.

Vipeperushi vya utalii vinamwita Grando vampir wa kwanza wa Ulaya mwenye jina. Kama habari ya tukio, sawa. Kama habari ya neno, hapana. Valvasor anaandika strigon, neno lililotoka Kilatini striga kupitia Waitaliano wa pwani. Huku Istria kuna pia kudlak, ufupisho wa vukodlak, na adui yake kresnik. Yote safu ya nne. Safu ya tatu ya Kringa ibaki tupu, na usione haya kuiacha tupu.

Siku ya nane: Ljubljana hadi Vienna

Kislovenia: jino zob, makaa oglje. Irabu imekuwa o. Tungetarajia opir, linalotumika ni vampir, la kuazima, na volkodlak kwa mwenye manyoya ya mbwa mwitu. Treni ya kwenda Vienna hupita Maribor na Graz.

Siku ya tisa: Vienna

Magazeti ya Wienerisches Diarium yamewekwa kidijitali na Maktaba ya Taifa ya Austria, kwa hiyo toleo la Julai 1725 unaweza kulisoma popote. Maandishi ni ya Kigothi: s ndefu hufanana na f, na k hufanana na t. Jizoeze kwa ukurasa mmoja wa matangazo kabla ya kuingia kwenye habari yenyewe. Wachapaji wa wakati huo kwa kawaida waliweka maneno ya kigeni katika herufi za Kirumi, basi pitisha jicho ukitafuta herufi zilizobadilika sura.

Tahadhari juu ya y. Vampyr ya Kijerumani imeandikwa kwa y kwa sababu ilionekana ya kisomi. Kiserbia kina i. Aliyejenga nadharia ya asili ya neno juu ya y ya Vienna amejenga juu ya pambo la mchapaji. Y ya Kirusi upyr ni jambo jingine, tutalifikia Kraków.

Kutoka hapa neno lilienda kasi. Ripoti ya Medveđa ilichapwa na kujadiliwa Ujerumani nzima mwaka 1732, na mwezi Machi mwaka huohuo ilikuwa katika magazeti ya London. Waingereza wakalitamka kwa kanuni zao, na vampaya ya Kiswahili imechukua matamshi hayo: silabi yake ya pili ni ya Kiingereza, haina uhusiano na -pir ya Morava. Msomaji wa Pwani asiichanganye na mumiani. Mumiani ni mtu hai anayesakwa kwa kudaiwa kuchukua damu za watu, na jina lake lilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi. Vampir ni maiti.

Uvumi wa aina hii ulimfikia Maria Theresa, mtawala wa Austria, mwaka 1755 kutoka Frei Hermersdorf, mpakani mwa Moravia na Silesia, ambako mwili wa mwanamke aitwaye Rosina Polackin ulifukuliwa na kuchomwa. Alimwagiza daktari wake Gerard van Swieten achunguze. Jibu la van Swieten lilikuwa la kitabibu: kuna miili inayochelewa kuoza, na sababu zake ni za kawaida. Amri ikatoka kwamba mapadri wasifukue tena wala kuchoma bila mamlaka ya serikali. Sanamu ya van Swieten imesimama katika mnara wa Maria Theresa, kati ya majumba mawili ya makumbusho.

Siku ya kumi: Moravia

Jino zub, makaa uhlí, mfu upír. Hakuna v, hakuna m. Daftari linanyooka.

Habari za wafu wanaotembea ni za zamani sana katika nchi za Wacheki. Neplach, abate wa Opatovice, anasimulia kwamba mwaka 1336 mchunga mifugo mmoja wa kijiji cha Blov, huko Bohemia, jina lake Myslata, alirudi baada ya kuzikwa na kuwaita watu majina. Aliyeitwa alikufa ndani ya siku nane. Walipomtoboa kwa kigingi alisema wamemfaa, wamempa fimbo ya kufukuzia mbwa. Wakamchoma. Lakini Neplach aliandika Kilatini, na neno upír kwake halimo. Jioni tuko Kraków.

Siku ya kumi na moja: Kraków, siku ya karatasi

Ząb, węgiel. Kipoland kimetunza irabu za puani hadi leo, na mwanzoni mwa neno kinaongeza w. Hesabu inatoa wąpierz. Lakini Mpoland husema upiór, ambalo kwa kanuni haliwezi kuwa lake: limeingia kutoka mashariki, kwa Waukraini. Gazeti la Kifaransa Mercure galant lilikuwa limeandika upierz wa Poland na Urusi mwaka 1693, miaka zaidi ya 30 kabla ya Frombald, ila neno halikushika. Wampir ya Kipoland ni ya tatu, kutoka Magharibi. Wakulima wa kusini, eneo hili la Kraków, walimwogopa zaidi strzygoń, mwenye roho mbili na safu mbili za meno.

Mashariki tunakusoma hapa. Kiukraini: jino zub, makaa vuhillia, neno letu upyr au opyr. Kibelarusi kina vupyr sambamba na vuhal, makaa. Kinafuata kanuni kwa usafi. Kwa Waukraini upyr anaweza kuwa mtu hai, na imani hiyo iliua. Mwaka 1831, wakati wa kipindupindu, watu wa Nahuievychi waliwachoma moto wenzao waliotuhumiwa kuwa upyr. Ivan Franko, aliyezaliwa kijiji hichohicho, alikusanya ushahidi na kuuchapa mwaka 1890. Anayelishughulikia neno hili kama burudani asome kurasa hizo kwanza.

Rekodi ya zamani zaidi iko Novgorod. Padri mmoja alinakili vitabu vya Manabii kwa ajili ya Mwanamfalme Vladimir, mwana wa Yaroslav, na mwishoni akaandika jina lake: Upir Likhyi. Mwaka aliouweka ni 6555 tangu kuumbwa ulimwengu. Toa 5508 upate 1047. Alianza tarehe 14 Mei, akamaliza 19 Desemba. Hati yake imepotea, zimebaki nakala za karne ya 15. Likhyi ni mwovu, au mkali. Je, padri ajiite upir mwovu? Yawezekana ni jina la utani la unyenyekevu. Msomi Anders Sjöberg alipendekeza kwamba ni Öpir, jina la mchonga maandishi ya mawe wa Uswidi, lililosikika Kislavi. Akiwa sahihi, mwaka 1047 unaondoka katika historia ya neno hili. Kwa hiyo usiutaje mwaka huo peke yake bila pendekezo hilo. Mahubiri ya kale ya Kirusi dhidi ya upagani yanasimama kwa miguu yake: yanasema watu walitoa sadaka kwa upir na beregini, roho wa kike. Sadaka! Yaani alikuwa roho wa kutulizwa, kabla ya kuwa maiti ya kutobolewa.

Angalia pia kwamba 1047 ina i, upir, na Kirusi cha leo kina y, upyr. Ndiyo sababu ya kuandika ǫpirĭ au ǫpyrĭ na kuacha zote mbili wazi.

Sasa asili. Nadharia maarufu kwa watu ni kunywa, piti. Inavutia kwa sababu ya damu, lakini tumeona kwamba malalamiko ya zamani ni ya kukabwa, na r ya mwisho haielezwi vizuri. Franz Miklosich, katika kamusi yake ya 1886, alilitoa kwa Waturuki wa kaskazini: uber, mchawi, Kitatari kina ubyr, na Kichuvash kina vupăr anayekula jua likipatwa. Kimaana inagusa. Kisauti inaanguka: hakuna mlio wa puani katika uber, wakati wąpierz, văpir na vampir zinaudai. Huenda neno lilisafiri upande wa pili, kutoka kwa Waslavi kwenda kwao. Nadharia ya tatu inatazama popo: Kicheki netopýr, Kipoland nietoperz. Mkia ni uleule, na -pyr yaweza kuwa arukaye. Kichwa ǫ- ndicho kinachobaki bila kazi. Ya nne husema ǫ- ni kikanushi na pyr ni moto, asiyechomwa, na wafu wa Waslavi wa kale walikuwa wakichomwa. Watu huidharau wakisema pyr ni ya Kigiriki, lakini Kicheki kina pýř, majivu ya moto, na ǫ- ya kukanusha ipo katika Kirusi urod, mwenye kasoro ya umbile. Ni adimu, haikosekani.

Kwa kipimo cha jino na makaa, ya Miklosich ndiyo tunayoiondoa mezani. Ya popo na ya moto zinapita mlango wa sauti, na tunaipa ya popo nafasi ya mbele kwa sababu mkia wake una ndugu aliye hai katika lugha nyingi za Kislavi.

Siku ya kumi na mbili: Pień na Wąpiersk

Kaskazini mwa Poland, karibu na Toruń. Huko Pień, mwaka 2022, timu ya Chuo Kikuu cha Nicolaus Copernicus ilifukua mwanamke wa karne ya 17: mundu umelazwa shingoni, makali yakielekea koo, na kufuli kwenye kidole gumba cha mguu. Akiinuka, anajikata. Onyo la Sozopol lirudie hapa: mundu, ndiyo, neno, hapana.

Neno liko mashariki zaidi, katika wilaya ya Działdowo, kwenye kibao cha barabarani: Wąpiersk. Kijiji hiki hutajwa kama ushahidi kwamba wąpierz lilikuwa neno hai la Kipoland kabla upiór hajalisukuma nje. Jina la kijiji hubaki hata neno lenyewe likifa, kwa hiyo daftari la isimu liwe na ramani kando yake.

Siku ya kumi na tatu: Kashubia

Eneo la kaskazini mwa Poland, magharibi ya Gdańsk. Wakashubi wana viumbe wawili, na wakunga ndio waliowatofautisha. Aliyezaliwa na utando kichwani ni wieszczi. Aliyezaliwa na jino ni opi, ndugu wa upiór. Kwa wieszczi, utando hukaushwa na kuhifadhiwa. Mtoto akifika miaka saba huchomwa, na majivu yake hunyweshwa katika kinywaji, hatari ikaisha. Opi hana tiba ya utotoni, anasubiriwa kaburini.

Jenezani huwekwa sarafu au msalaba chini ya ulimi, na wavu wa kuvulia samaki, kwani mfu hulazimika kufungua fundo moja kwa mwaka. Badala ya wavu hutumika mchanga au mbegu za mpopi, ahesabu moja kwa mwaka. Asipozuiwa, huamka, hula nguo zake, kisha nyama ya mikono yake, kisha hugonga kengele ya kanisa, na walioisikia hufa. Hapo kaburi hufunguliwa na kichwa hukatwa, kikawekwa kati ya miguu. Wakashubi waliohamia Kanada walikwenda na utaratibu huu: Jan Perkowski aliurekodi Ontario, eneo la Wilno, na kuuchapa mwaka 1972, kwa watu waliozaliwa ng'ambo ya bahari na bado wakitofautisha utando na jino.